Boti ya Watu Tisa

Boti ya kwanza ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye mstari wa buluu ubavuni, na Demetria aliipenda kabla hajaigusa. Ilikuwa imelala juu ya trela nyuma ya nyumba moja Mjimwema, Kigamboni, na ndani yake mlikuwa na viti vinne tu, viwili mbele na viwili nyuma. Hasnain alipanda kwanza, akamnyooshea mkono. Demetria akaushika, akapanda, akaketi kiti cha kushoto. Magoti yao yakagusana. Hakuna aliyelisogeza lake.

"Unaionaje?" Hasnain aliuliza.

"Inanitosha."

"Mbona huangalii boti? Unaniangalia mie."

Demetria akacheka mpaka akaziba mdomo. Ilikuwa nadra kucheka hivyo mchana kweupe akiwa na mwanaume huyu. Tangu mapenzi yao yaanze walikuwa wakipendana kwa kuibia: dakika chache ndani ya gari kabla hajamshusha njia panda ya Segerea, chakula katika mgahawa wa mbali ambako hakuna jamaa wa Hasnain anayefika, simu zinazokatwa ghafla mlango wa sebule unapofunguliwa.

Demetria alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kamachumu kule Kagera, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye hakuwahi kuolewa. Baadhi ya jioni za wiki alikuwa akienda Kinondoni kumfundisha Kiswahili na hesabu binti wa Hasnain, Lubaba, mtoto wa darasa la tatu. Mama yake Lubaba alifariki mtoto akiwa bado chekechea. Hasnain, muuza rangi za nyumba, akabaki na binti yake chini ya dari moja na mama yake mzazi, Bi Rubabbai, pamoja na mdogo wake Husain, mkewe Ummehani na mtoto wao. Walikuwa Mabohora, Waislamu wa asili ya Kihindi, watu wa kushika dini na wa kushikana wenyewe kwa wenyewe. Katika nyumba ile wote walimwita Demetria "Ticha". Hasnain peke yake ndiye aliyemwita Demi, tena pasipokuwa na mtu karibu.

Wazo la boti lilikuwa la Hasnain. Mkewe alipokuwa hai, Jumapili walikuwa wakikodi boti, wanakwenda kisiwa cha Sinda na masufuria ya biriani, wanarudi wamechubuka kwa jua na kucheka. Baada ya msiba hakuna aliyethubutu kutaja bahari tena.

"Nataka nyumba icheke," alimwambia Demetria siku moja ndani ya gari. "Nataka boti ya familia, iliyotumika siyo mbaya, bora iwe nzima. Nimepata mbili. Na nataka uichague wewe."

Maneno yale yalimkosesha Demetria usingizi. Mwanaume atamwomba vipi mwanamke amchagulie boti ya familia, kama hamhesabu ndani ya familia? Ndivyo alivyojiambia. Jumamosi ile akavaa gauni lake la kitenge cha manjano, akasuka upya.

"Bosi, hii ukiiwasha haijui foleni," alisema Erasmus, mwenye boti, akipigapiga mashine ya nyuma kwa kiganja. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayehamia Mwanza na familia yake. "Mafuta hainywi, inanusa tu. Mie nimetembea nayo mpaka Mbudya na wanangu. Shemeji mwenyewe keshaipenda, ona anavyocheka! Baba, mama, watoto wawili, basi. Imejaa na imetosha. Au vipi, shemeji?"

Shemeji. Neno lile lilimwingia Demetria kama maji ya moto ya kuogea asubuhi ya baridi. Akamtazama Hasnain aone kama atalikanusha. Hasnain hakulikanusha. Alitabasamu, akashika usukani, akaugeuza kushoto na kulia kama mtoto.

Hapo ndipo simu ikalia.

"Maa," Hasnain alisema, na mgongo wake ukanyooka.

Aliongea Kigujarati, lugha ya nyumbani kwao. Angeweza kushuka botini akaongelee pembeni, lakini hakuona haja. Alijua Demetria haielewi lugha ile. Asichokijua ni kwamba Lubaba, kila mapumziko ya masomo, alikuwa akimfundisha ticha wake neno moja moja kwa kubadilishana na vitendawili. Maji ni pani. Nyumba ni ghar. Na walipocheza kujificha, mtoto alikuwa akichungulia nyuma ya pazia na kutangaza kwa sauti ya huzuni ya kuigiza: "Koi nathi!" Hakuna mtu.

Sauti ya Bi Rubabbai ilisikika ndani ya simu, nyembamba, ikiuliza swali. Hasnain akainua macho, akamtazama Demetria usoni, magoti yao bado yamegusana, akajibu kwa upole:

"Koi nathi, Maa. Koi nathi."

Demetria akaliondoa goti lake.

Hasnain alipokata simu uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama anakuja. Husain anamleta, na Lubaba yumo. Wameshavuka daraja. Anasema anataka kuiona ile boti ya pili, ya Kimbiji, kwa macho yake."

"Sawa," Demetria alisema, akashuka bila kusubiri mkono.

"Bosi, usichelewe," Erasmus aliwapigia kelele walipokuwa wakitoka getini. "Kuna mtu mwingine anaizengea! Shemeji, mkumbushe!"

*

Barabara ya Kimbiji ina mashimo, na gari lilikwenda likipiga mbizi. Mashamba ya mihogo yalipita, vibanda vya kuuzia madafu vikapita, na Demetria alikuwa akitazama nje kama mtu aliyetumwa kuyahesabu.

"Demi, naomba kitu," Hasnain alisema hatimaye.

"Sema."

"Tukifika, uwe Ticha. Leo tu."

"Kuna siku nimewahi kuwa mwingine mbele yao?"

"Usichukulie hivyo."

"Nichukulieje? Nifundishe, mie ndo mwalimu lakini leo nifundishe wewe." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ulisema utamwambia baada ya Idi. Idi ikapita. Ukasema tusubiri Muharram iishe, nikanyamaza, kwa sababu naheshimu maombolezo yenu. Ikaisha. Ukasema Husain arudi kwanza safari. Husain huyo amerudi, na leo ndiye anayemwendesha mama kuja kwetu."

"Mama ana presha, Demi."

"Baba yangu naye anayo. Nilimwambia hivyo hivyo." Sasa aligeuka kumtazama. "Nilipanda basi mpaka Kamachumu, nikakaa chini mbele yake, nikamwambia baba, nampenda mtu, jina lake Hasnain, siyo wa dini yetu. Unajua alifanya nini? Alinyanyuka akachukua panga, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Hakunijibu. Mpaka leo hapokei simu yangu. Baba yangu ni katekista, Hasnain. Nilijua itakavyokuwa, na nikasema. Mie nimeshalipa. Wewe hata bei hujauliza."

"Sijawahi kukudanganya."

"Koi nathi," Demetria alisema.

Gari likayumba. Hasnain akakanyaga breki, akasimama pembeni, vumbi likawapita na kutangulia mbele.

"Nani kakufundisha?"

"Binti yako."

Hasnain aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, akauinamia. Alikuwa mwanaume mzuri, hilo Demetria hakulisahau hata wakati ule: shingo ndefu, ndevu zilizokatwa vizuri, vidole vilivyokuwa na alama za rangi ambazo sabuni haikuziweza. Alitamani kuishika shingo ile. Akaibana mikono yake mapajani.

"Nilishikwa na woga," Hasnain alisema. "Limenitoka tu."

"Uliniangalia machoni ukalisema."

"Sikujua unaelewa."

"Ndiyo inayoniuma zaidi. Ungeangalia pembeni, ningesema ameona aibu."

Hasnain akawasha gari tena. Njia iliyobaki alijaribu mara moja kumshika mkono, na Demetria hakuukataa, ila mkono ulilala tu ndani ya kiganja chake kama kitu alichopewa kumshikia mwenyewe.

*

Boti ya pili ilikuwa inaelea kwenye maji ya magotini, mbele ya nyumba ya mjane mmoja aliyeitwa Mama Eliaichi. Ilikuwa kubwa, ya kijivu, na turubai jeupe la kivuli lilifunika mabenchi marefu ya kila upande. Mashine mbili. Maboya ya kuvaa yalikuwa yamepangwa safi, makubwa kwa madogo. Watu tisa wangekaa bila kubanana.

"Karibuni, wanangu, karibuni sana," Mama Eliaichi alisema. Alikuwa mama wa Kimachame, mstaafu, mwenye sauti ya kujaza ua mzima. "Hii aliinunua marehemu. Alisema watoto wakiwa na boti watakuja Krismasi kila mwaka. Wakaja Krismasi moja. Mmoja yuko Kanada, mwingine Arusha, Eliaichi mwenyewe mpaka nimwombe. Sasa mie ndo nimebaki naiosha." Akafuta benchi kwa upindo wa kanga, ingawa halikuwa na vumbi. "Kuna kampuni ya watalii iliitaka, nikakataa. Nataka waipande watu wa nyumba moja, wapigiane kelele humo. Nyie mna watoto wangapi?"

Hasnain akakohoa. Kabla hajajibu, gari liliingia uani likipiga honi.

"Tichaaa!"

Lubaba alishuka kabla gari halijasimama sawasawa. Alikimbia na viatu vikijaa mchanga, akamkumbatia Demetria kiunoni. Demetria akamfunika kichwa kwa mikono yote miwili. Harufu ya mafuta ya nywele ya mtoto yule aliijua kama harufu ya chumba chake mwenyewe.

Bi Rubabbai alishuka taratibu, Husain akimshika kiwiko. Alikuwa mwanamke mfupi, ndani ya vazi la Kibohora, rida ya zambarau iliyodariziwa ukingoni, miwani ikining'inia kifuani.

"Shikamoo, Mama," Demetria alisema, akiinama kidogo.

"Marahaba, Ticha. Na wewe uko huku?"

Swali lile lilikuwa la Demetria, lakini watu wote waligeuka wakamtazama Hasnain. Husain alimtazama. Mama Eliaichi alimtazama. Demetria naye alimtazama, kwa sababu mlango ulikuwa umefunguliwa wazi kabisa na kilichobaki kilikuwa hatua moja tu.

"Nilimwomba Ticha atusindikize," Hasnain alisema. "Lubaba anamsikiliza. Nikaona mambo ya usalama, maboya, nini..."

"Vizuri," alisema Bi Rubabbai.

Lubaba alikuwa keshavua viatu na kupandishwa botini na anko wake. Akaanza kuwagawia watu nafasi kama mwalimu wa zamu. "Dadi," alimwambia bibi yake, "wewe utakaa hapa kwenye kivuli! Anko Husain hapa, Anti Ummehani hapa na mtoto. Papa kwenye usukani. Ticha, wewe kaa karibu na mie." Akafikiri kidogo, kidole mdomoni. "Au karibu na Papa?"

Husain alijifanya anaangalia nanga. Hasnain akacheka kicheko kikavu.

"Luba, Ticha hatakuwaga na nafasi Jumapili. Jumapili anaendaga kanisani."

"Lakini misa si inaisha? Ticha, misa inaisha saa ngapi?"

"Inaisha mapema, mwanangu," Demetria alisema.

Neno la mwisho lilimponyoka. Bi Rubabbai akavaa miwani yake, akamtazama kwa kitambo, kisha akaivua.

*

Husain na Hasnain waliingia majini kukagua mashine, Lubaba akabaki botini akijaribisha maboya. Mama Eliaichi alitoa viti viwili vya plastiki barazani, akaingia ndani kutafuta glasi. Wakabaki wawili, Demetria na Bi Rubabbai, wakitazama upande mmoja kama watu wanaosubiri zamu kwa daktari.

"Mwaka jana mwanangu alianza kuimba bafuni," Bi Rubabbai alisema.

Demetria aligeuka.

"Tangu msiba nyumba yangu ilikuwa kimya. Halafu akaanza kuimba. Mwanzoni nikasema alhamdulillahi, mtu amepona. Baadaye nikaona haimbi kila siku. Anaimba siku unazokuja wewe." Alikuwa anazungusha bangili yake taratibu. "Mie mzee, binti. Siyo kipofu."

"Mama, naomba unisa..."

"Usiniombe msamaha, sikiliza. Mie nikiulizwa, nitakataa. Siyo kwa ubaya wako. Wewe umemfanya mjukuu wangu apende daftari, na siku nilipougua ulikaa na yeye mpaka Ummehani aliporudi. Najua. Lakini nitakataa kwa sababu ya dini, na jamaa zetu, na marehemu mume wangu. Nitalia. Nitasusa chakula. Maneno yote nimeshayapanga, nimeyapanga mpaka nimeyachoka. Hajaja kuniambia. Baada ya kula nasikia miguu yake inakuja, inasimama mlangoni kwangu. Najiweka sawa kitandani, najikaza. Halafu inaondoka."

Bahari ilikuwa imeanza kurudi nyuma, ikiacha michirizi kwenye mchanga. Botini Lubaba alikuwa akicheka baada ya baba yake kumrushia maji.

"Na angeingia?" Demetria aliuliza. "Angeingia akasema?"

"Ningekataa, si nimekwambia." Bi Rubabbai alishusha pumzi. "Baba yake alinichukua kwetu Tanga. Sie tulikuwa masikini, mama yangu alikuwa anashona nguo za watu. Ukoo wake wote ulikataa. Alisimama sebuleni, wazee wamekaa, akasema nitamwoa huyu. Walilia, wakagomba, walimsusa. Mwishowe wakachoka. Wazazi tunachoka, binti. Na mie labda ningechoka, sijui. Lakini nitachokaje na jambo ambalo sijaambiwa?"

Mkono wake, mdogo, wenye mishipa, ulitua juu ya mkono wa Demetria, ukakaa pale kwa muda mfupi, ukaondoka. Mama Eliaichi alitokea na maji ya ndimu, akaanza kueleza habari za kisima chake.

"Mama! Ticha! Njooni tuijaribu!" Hasnain aliita. Alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, uso wote umeng'aa. Demetria alipoteremka alimjia nusu ya njia, akashusha sauti. "Demi, ni nzima kabisa. Sasa niambie. Tuchukue hii au ile ya Mjimwema?"

"Chukua hii."

"Kweli? Ile si ndiyo uliyoipenda?"

"Ile niliipenda mie. Hii ndiyo ya familia yako." Kisha akamwambia, kwa sababu hakutaka kuondoka na siri ya mtu mwingine kifuani. "Mama yako anajua, Hasnain."

"Amekwambia?"

"Anajua kitambo. Anangoja umwambie."

"Nimwambie nini?"

Demetria alimtazama mwanaume wa miaka arobaini na moja aliyesimama mbele yake, maji yakimchuruzika miguuni, akimwuliza amwambie nini mama yake mzazi. Hakukasirika. Hasira ingekuwa nafuu. Alichokisikia kilikuwa upweke, ule unaompata mtu akiwa ameshikana mikono na mwenzake.

"Nenda tu pale alipokaa," alisema. "Mie nasimama hapa, siendi popote. Sema lolote. Hata ukikosea, sema."

Hasnain akamtazama, kisha akatazama barazani. Akatikisa kichwa kukubali. Akaenda.

Demetria alimwona akipanda mchanga, akiupita mwamba mdogo, akifika barazani. Alimwona akiinama mbele ya kiti cha mama yake, goti moja chini. Bi Rubabbai aliinua uso. Aliunyoosha mgongo, akaweka mikono yake mapajani, na hata kutoka pale aliposimama Demetria aliona kwamba yule mama amejikaza, amejiweka tayari kusikia. Mama Eliaichi akakatiza habari za kisima. Upepo ulikuwa unatoka barani, ukaileta sauti ya Hasnain wazi wazi.

"Mama, twende basi. Maji yanakupwa."

Akamshika mkono amnyanyue.

Bi Rubabbai hakunyanyuka mara moja. Alimtazama mwanawe, akamtazama tena. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la Hasnain yakamtafuta Demetria. Demetria alitarajia kuona ushindi ndani ya macho yale, angalau faraja. Hakuona. Aliona huzuni ya mwanamke aliyekuwa amejiandaa kwa vita miezi yote hiyo, na adui hakutokea.

*

"Kwa nini hupandi?" Lubaba aliuliza. Alikuwa amevaa boya la rangi ya chungwa lililomfika masikioni.

"Nina madaftari ya kusahihisha, mama."

"Jumatatu utakuja?"

Demetria hakuweza kumdanganya, na hakuweza kumwambia kweli. Akamfunga kamba ya boya vizuri, akavuta kuona kama imekaza, akambusu kwenye paji la uso. "Shika mkono wa Dadi. Usisimame boti ikitembea."

Hasnain alikuwa kwenye usukani. Alimtazama kwa macho ya kuomba. Midomo yake ikasema bila sauti, nitakupigia. Mashine zikanguruma, povu jeupe likafunguka nyuma, na boti ikageuza mdomo wake kuelekea kilindini. Lubaba alipiga yowe la furaha, Husain akapiga mluzi, hata Bi Rubabbai alisikika akisema jambo kwa Kigujarati na watu wakacheka. Nyumba ilikuwa inacheka tena.

"Sikia kelele hizo!" Mama Eliaichi alisema, akifuta macho kwa kanga huku anatabasamu. "Hizo ndizo alizozitaka marehemu. Wewe mbona hukupanda?"

"Imejaa, mama."

"Imejaa wapi? Nafasi ile naiona mpaka hapa."

Demetria aliaga, akachukua mkoba wake ndani ya gari la Hasnain, akaufunga mlango taratibu kama mtu anayetoka chumba chenye mgonjwa. Alipanda mpaka barabarani kwa miguu. Bodaboda ya kwanza iliyopita ilimchukua. Simu ilianza kutetemeka mkobani kabla hawajamaliza vumbi la Kimbiji, ikaacha, ikaanza tena. Hakuitoa. Alijua ikisema "Demi" mara moja tu atarudi, na akirudi, Jumatatu atakuwa Ticha, na mwaka ujao atakuwa Ticha, na siku moja Lubaba atakuwa msichana mkubwa asiyehitaji ticha, na yeye atakuwa hakuna mtu.

Alilia kuanzia Gezaulole mpaka darajani, kimya kimya, nyuma ya mgongo wa kijana asiyemjua. Kijana aliona kwenye kioo. Akapunguza mwendo.

Alipofika Segerea jua lilikuwa bado juu ya mabati. Uani, Avelina, mwalimu mwenzake na mpangaji wa chumba cha pili, mtu pekee aliyezijua siri zake zote, alikuwa amechuchumaa akipepea jiko la mkaa. Alipomwona akaacha kupepea.

"Haya, bibi! Tangu asubuhi nakusubiri. Mmechukua ipi?"

"Kubwa."

"Eh! Mmepania nyie. Na mtaanza lini hizo safari zenu?"

Demetria alitafuta kigoda, akaketi, akavua viatu. Mchanga mweupe ukamwagika uani.

"Wataanza Jumapili," alisema.

Avelina aliweka pepeo chini. Akasogeza kigoda chake mpaka mabega yao yakagusana, na wakakaa hivyo, sufuria ikichemka na maji yakimwagikia mkaa, hakuna aliyenyanyuka kuiepua.